Kiti Alichokalia Mzee bila Kupigiwa Kura

Tarehe 12 Desemba imebeba mambo mawili, na sisi Wakenya tumezoea kuyataja kama jambo moja. Usiku wa kuamkia tarehe hiyo mwaka 1963, bendera ya Uingereza ilishushwa Nairobi na ya Kenya ikapandishwa. Huo ndio Uhuru. Mwaka mmoja kamili baadaye, 12 Desemba 1964, nchi ikawa jamhuri, wadhifa wa Gavana Mkuu aliyemwakilisha Malkia wa Uingereza ukafutwa, na Jomo Kenyatta aliyekuwa Waziri Mkuu akawa Rais. Jina lililobaki kwenye kalenda ni la tukio la pili, Siku ya Jamhuri, lakini nyimbo tunazoimba siku hiyo ni za tukio la kwanza. Jambo lililoamua tutatawaliwa vipi kwa karibu miaka hamsini iliyofuata linapita bila kutajwa.

Sheria iliyoleta jamhuri, namba 28 ya mwaka 1964, ilikuwa na kifungu kimoja ambacho kila nikikifikia husita kuendelea kusoma. Kilisema kwamba yule aliyekuwa Waziri Mkuu mara tu kabla ya 12 Desemba 1964 ndiye atakayekuwa Rais wa kwanza. Basi. Hapakuwa na uchaguzi wala mgombea wa pili. Majirani zetu wa Tanganyika waliingia katika jamhuri miaka miwili kabla yetu kwa mlango mwingine: walipiga kura Novemba 1962, Julius Nyerere wa TANU akipambana na Zuberi Mtemvu wa ANC, na Nyerere akapata karibu asilimia 98. Matokeo yale hayakuwa na shaka hata kidogo, lakini watu waliulizwa. Sisi hatukuulizwa mwaka 1964. Kenyatta alipita bila kupingwa mwaka 1969, akapita bila kupingwa mwaka 1974, akafariki mwaka 1978 bila Mkenya hata mmoja kuwahi kushika karatasi ya kura ya urais yenye jina lake.

Sisemi kwamba angeshindwa. Mwaka 1964 Mzee angemshinda yeyote ambaye angesimama naye. Ndiyo maana inauma zaidi: kura ambayo ingempa kiti kile uhalali wake haikupigwa wakati ilikuwa rahisi kabisa kuipiga.

Majimbo saba na walimu watatu

Katiba ya Uhuru ilitengenezwa London, katika jumba la Lancaster, kwa mikutano iliyoanza mwaka 1960 na kumalizika 1963. Ndani ya jumba lile waliketi Waafrika wa vyama viwili. KANU ilikuwa na Kenyatta, Oginga Odinga, Tom Mboya na James Gichuru, na nguvu yake kubwa ilikuwa kwa Wakikuyu na Waluo. KADU ilizaliwa mwaka 1960 na kukusanya jamii zilizohofia kumezwa: Wakalenjin, Wamaasai, Mijikenda, sehemu ya Waluhya. Viongozi wake watatu wakubwa walikuwa wamewahi kuwa walimu: Ronald Ngala kutoka Pwani, Masinde Muliro kutoka Magharibi na Daniel arap Moi kutoka Bonde la Ufa. Watu wengi wamefundishwa kuiona KADU kama kibaraka wa masetla, na ni kweli kwamba walikuwepo Wazungu waliokipenda chama kile kwa sababu zao wenyewe. Lakini hofu ya Ngala na Moi ilikuwa na mizizi yake. Ardhi ya nyanda za juu ilikuwa karibu kuachwa na Wazungu, na swali la nani angeichukua halikuwa swali la kitabuni.

Jibu lao lilikuwa majimbo. Nchi iligawanywa majimbo saba: Pwani, Mashariki, Kati, Bonde la Ufa, Nyanza, Magharibi na Kaskazini Mashariki, na eneo la Nairobi likawa peke yake. Kila jimbo lilipata baraza lake lenye rais wake. Ngala alikuwa rais wa baraza la Pwani, Moi wa Bonde la Ufa. Bunge la taifa likawa na nyumba mbili: Baraza la Wawakilishi, na Seneti yenye maseneta 41 waliokuwa na kazi moja hasa, kuyalinda majimbo. Juu ya yote alikaa Malkia Elizabeth kama mkuu wa dola, akiwakilishwa na Gavana Mkuu Malcolm MacDonald, na Waziri Mkuu akaongoza serikali kwa kadiri wabunge walivyomuunga mkono.

Kwa watu wa mwambao jambo hili lilikuwa na uzito wake wa pekee. Ukanda wa maili kumi kandokando ya bahari ulikuwa kisheria mali ya Sultani wa Zanzibar, Waingereza wakiusimamia kwa mkataba wa tangu 1895, na bendera nyekundu ya Sultani ilikuwa ikipepea juu ya Fort Jesus. Wapo waliotaka mwambao ujitenge. Oktoba 1963 Kenyatta na Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, walikubaliana ukanda uwe wa Kenya, na mahakama za makadhi zilindwe. Kwa wengi waliokubali kutulia, baraza la Pwani chini ya Ngala, mtoto wa nyumbani, lilikuwa sehemu ya kile kilichowatuliza. Mahakama za makadhi zipo hadi leo. Baraza lile lilinyang'anywa meno kabla halijamaliza kuota.

KANU haikuyapenda majimbo hata siku moja. Iliyakubali kwa sababu kukataa kungechelewesha uhuru, na viongozi wake hawakuficha kwamba wakipata nchi wataigeuza katiba ile. Uchaguzi wa Mei 1963 uliwapa ushindi mkubwa, Kenyatta akawa Waziri Mkuu tarehe 1 Juni, Siku ya Madaraka, na tangu hapo mabaraza ya majimbo yakawa yanasubiri. Walisubiri fedha, walisubiri maofisa, walisubiri madaraka ambayo yameandikwa kwenye karatasi lakini mfuko wake uko Nairobi.

Mwaka uliotikisika

Ni haki pia kuusimulia mwaka 1964 kama ulivyoonekana kutoka ofisini kwa Kenyatta. Tarehe 12 Januari, mwezi mmoja baada ya uhuru wetu, serikali ya Shamte na Sultani Jamshid ilipinduliwa Zanzibar. Wiki iliyofuata wanajeshi waliasi Tanganyika, kisha Uganda, kisha hapa kwetu kambini Lanet, karibu na Nakuru, na Kenyatta akalazimika kuita askari wa Kiingereza wamsaidie kuzima uasi. Kaskazini Mashariki ilikuwa tayari chini ya hali ya hatari tangu Desemba, kwa vita vya waliotaka kujiunga na Somalia, vilivyoitwa vya Shifta. Kiongozi yeyote aliyekaa kiti kile angetamani amri ipite moja kwa moja kutoka kwake hadi kwa askari wa kituo cha mbali, bila kupitia kwa Gavana Mkuu wala kusubiri baraza la jimbo lisilompenda.

Kwa hiyo Agosti 1964 serikali ilipotangaza kwamba nchi itakuwa jamhuri ifikapo 12 Desemba, hoja zake hazikuwa za kubuni. Tom Mboya, Waziri wa Sheria na Mambo ya Katiba, alikuwa mstari wa mbele kuitetea, na hakuna aliyekuwa na ulimi kama wake. Msingi wa hoja ni huu: Mwafrika hamwelewi mkuu wa dola asiyetawala, wala mtawala asiye mkuu wa dola, na nchi changa haiwezi kubeba wakubwa wawili.

Kosa ninaloliona mimi ni kwamba maswali matatu yalifungwa katika furushi moja. Swali la kwanza: je, Malkia wa Uingereza aendelee kuwa mkuu wa dola ya Kenya? Hapo karibu kila mtu angejibu hapana. La pili: je, mkuu wa dola na mkuu wa serikali wawe mtu mmoja? Hilo lilistahili mjadala wake. India ilikuwa jamhuri tangu 1950 na rais wake hakuwa mtendaji. Uganda, hapo jirani, ilimwondoa Gavana Mkuu Oktoba 1963 ikamweka Kabaka Mutesa kuwa rais wa heshima, huku Milton Obote akibaki Waziri Mkuu. Mpango ule uliishia katika mizinga iliyopiga jumba la Kabaka kule Mengo mwaka 1966, na wanaosema Kenyatta aliona mbali wana ushahidi huo mkononi. La tatu: je, majimbo yanyang'anywe madaraka? Hilo halikuhusiana na Malkia hata kidogo. Lakini kwa kuwa yalikuja pamoja, aliyepinga la tatu alionekana anamtetea Malkia. Ngala alisimama bungeni akitetea Kilifi, na maneno yake yakasikika kama ya mtu anayetaka Waingereza wabaki.

Tarehe 10 Novemba

Vifungu vya majimbo vilikuwa na kufuli. Vilivyo vizito zaidi havikuweza kubadilishwa bila asilimia 90 ya Seneti, na KADU ilikuwa na maseneta wa kutosha kuzuia hilo. Serikali ikatangaza kwamba ikikosa idadi hiyo, itakwenda kwa wananchi kwa kura ya maoni. Kwa miezi kadhaa nchi ilijiandaa kuulizwa swali.

Haikuulizwa. Wabunge na maseneta wa KADU walianza kuvuka mmoja mmoja kwenda upande wa serikali, na tarehe 10 Novemba 1964 Ngala alisimama bungeni akatangaza kwamba chama kimevunjwa na wote wanajiunga na KANU. Mswada ukapita. Kura ya maoni haikuwa na kazi tena. Kura ya kwanza ya maoni ya taifa kuhusu katiba Kenya ilikuja kupigwa 21 Novemba 2005, miaka 41 baadaye, na waliokuwa na umri wa kupiga kura mwaka 1964 wengi walikuwa tayari makaburini.

Kwa nini KADU iliachia? Nimesikia wazee wa Pwani wakilijibu swali hili kwa hasira na wengine kwa huruma, na nadhani wote wana haki. Mabaraza hayakuwa na fedha. Mbunge wa upinzani alirudi kwa watu wake bila barabara na bila zahanati, huku wa KANU akirudi na mgao. Ardhi iliyonunuliwa kutoka kwa masetla ilikuwa ikigawiwa na serikali kuu, na kukaa nje ya serikali ilikuwa kukaa nje ya ugawaji. Kulikuwa na vyeo pia: jamhuri ilipozaliwa, Moi akawa Waziri wa Mambo ya Ndani. Ngala alingoja hadi 1966 kupata uwaziri. Na kulikuwa na jambo ambalo sipendi lidharauliwe, hamu ya kweli ya umoja. Nchi ilikuwa na umri wa miezi kumi na mmoja. Mtu hakutaka kuonekana ndiye anayeipasua.

Lakini tazama walichokiacha mlangoni walipovuka. Kufuli lile halikuwa mali ya KADU. Lilikuwa mali ya yeyote ambaye siku moja angejikuta mdogo mbele ya serikali.

Rais wa aina gani

Urais uliotoka katika sheria ile haukuwa wa Kimarekani, ingawa mara nyingi hulinganishwa nao. Rais wa Kenya alilazimika kuwa mbunge. Kenyatta aliendelea kuwa mbunge wa Gatundu hadi kufa kwake. Mawaziri wake walitoka miongoni mwa wabunge, wakawajibika kwa Bunge kwa pamoja kama chini ya mfumo wa Kiingereza, na Bunge liliweza kupitisha kura ya kutokuwa na imani. Papo hapo mtu huyohuyo alikuwa mkuu wa dola na amiri jeshi mkuu, asiye na Gavana Mkuu wa kumwambia subiri. Alichukua nguvu za mifumo hiyo miwili na kuacha nje breki za yote miwili. Rais wa Marekani hana kiti bungeni na hawezi kuwapa wabunge uwaziri ili wanyamaze. Waziri Mkuu wa Uingereza huweza kuangushwa na wenzake chamani kabla jua halijatua. Rais wetu alikuwa na vyeo vya kugawa bungeni, na hakuwa na mwenzake chamani wa kumwangusha.

Tena, jambo ambalo vitabu vya sheria hulipita haraka ingawa raia alilihisi kuliko yote: utawala wa mikoa ukawekwa chini ya Ofisi ya Rais. Kamishna wa mkoa, wa wilaya, ofisa wa tarafa, chifu, naibu wake. Mnyororo aliouunda mkoloni, ambao katiba ya majimbo ilikusudia kuulegeza, ukakazwa upya na mwisho wake ukafungwa Ikulu. Mwananchi wa Voi au Lodwar hakumjua Rais kwa ibara za katiba. Alimjua kwa chifu aliyeitisha baraza chini ya mwembe au mgunga, na kwa sarafu: shilingi ya Kenya ilipotoka mwaka 1966, sura iliyokuwa juu yake ilikuwa ya Mzee.

Kufuli linabadilishwa

Mwaka 1965 ulipita mswada ambao haukupigiwa ngoma, nao kwangu ndio moyo wa kisa chote. Sheria namba 14 ya mwaka huo ilishusha kiwango cha kubadilisha katiba. Zile asilimia 90, pamoja na 75 za vifungu vingine, zikaondoka, ikabaki asilimia 65 kwa kila nyumba. Majimbo yakaitwa mikoa, mabaraza yake yakawa mabaraza ya mikoa yasiyo na jambo la kuamua, na hata hayo yakafutwa mwaka 1968. Seneti nayo ilikubali kufa: mwisho wa 1966 iliunganishwa na Baraza la Wawakilishi, maseneta wakapewa viti vya ubunge, viti vikafika 158, na uhai wa Bunge ukaongezwa hadi 1970. Walinzi wa majimbo walilipwa kwa muda wa kukaa bungeni.

Baada ya hapo katiba ikawa kama sheria nyingine yoyote. Serikali yenye theluthi mbili ya wabunge iliweza kuibadilisha kati ya chakula cha mchana na chai ya jioni, na ilifanya hivyo.

Wa kwanza kulionja hilo alikuwa Oginga Odinga. Yeye ndiye aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani mwaka wa kwanza wa uhuru, wizara iliyopaswa kuyapa majimbo madaraka yao na haikuyapa. Ndiye aliyekuwa Makamu wa Rais jamhuri ilipoanza. Alitaka serikali kuu yenye nguvu kwa sababu aliamini itatumika kugawa ardhi kwa maskini. Machi 1966, katika mkutano wa KANU kule Limuru, cheo chake cha makamu wa rais wa chama kilifutwa na kugawanywa kwa watu wanane, mmoja kwa kila mkoa na Nairobi. Aprili akajiuzulu serikalini, akaunda chama cha KPU, na wabunge kadhaa wakamfuata.

Bunge likabadilisha katiba haraka: mbunge anayehama chama kilichompeleka bungeni apoteze kiti na arudi kwa wapigakura. Uchaguzi Mdogo wa Juni 1966 ulikuwa wa viti 29, na KPU ikarudi na 9. Kwa maneno matupu kanuni ile ni ya haki, na mimi ningeiunga mkono katika nchi yoyote. Ila mwaka mmoja na nusu tu nyuma, chama kizima cha KADU kilikuwa kimehama bungeni, kikashangiliwa, na hakuna hata mmoja aliyeambiwa arudi kwa wapigakura. Kitendo kilekile kilikuwa umoja wa taifa mwaka 1964 na usaliti mwaka 1966. Kilichobadilika ni upande uliokuwa ukipokea wageni. Mwaka huohuo sheria za kuweka watu kizuizini bila kesi zilipanuliwa.

Mwaka 1968 Kenyatta aliugua ghafla akiwa Pwani, na waliomzunguka wakaanza kuhesabu. Kwa sheria ya 1964, Rais akifa, wabunge ndio wangemchagua wa kumaliza muda wake, na bungeni Tom Mboya alikuwa na watu. Sheria namba 45 ya 1968 iliondoa uwezo huo. Rais angechaguliwa na wananchi moja kwa moja. Kila mgombea lazima awe na chama. Rais akifa, Makamu angeshika nafasi kwa siku 90 huku uchaguzi ukiandaliwa. Wale wabunge 12 ambao hapo awali walichaguliwa na wabunge wenzao sasa wangeteuliwa na Rais. Kwa mara ya kwanza katiba ilisema wazi kwamba mwananchi atampigia Rais kura. Ilisema hivyo wakati ambapo palibaki chama kimoja kidogo cha kumpa mwananchi jina la pili kwenye karatasi.

Mboya, aliyekuwa ameitetea jamhuri hii kwa ufasaha kuliko wote, aliuawa kwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969, katika barabara ya Government ambayo leo inaitwa Moi Avenue. Tarehe 25 Oktoba Kenyatta alikwenda Kisumu kufungua hospitali. Umati ulimzomea, walinzi wakafyatua risasi, watu wakafa. Siku tano baadaye KPU ilipigwa marufuku, na Odinga akawekwa kizuizini chini ya sheria ambazo serikali aliyoisaidia kuijenga ilikuwa nazo tayari mkononi. Uchaguzi wa Desemba 1969 ulikuwa na chama kimoja. Kenyatta hakupingwa.

Waliomjengea mwingine

Wengi waliotengeneza kiti hiki walikitengeneza kwa vipimo vya mtu mmoja, wakisahau kwamba kiti hubaki mtu akiondoka. Moi alikuwa Makamu wa Rais tangu 1967, na waliokuwa karibu na Kenyatta hawakumchukulia kwa uzito. Mwaka 1976 wakaamka. Kwenye mkutano wa hadhara Nakuru, na mingine iliyofuata, wanasiasa wakubwa, Njoroge Mungai na Kihika Kimani miongoni mwao, walidai kifungu cha siku 90 kibadilishwe ili Makamu asirithi hata kwa muda. Mwanasheria Mkuu Charles Njonjo aliwajibu Oktoba kwa onyo kwamba kuwaza au kukusudia kifo cha Rais ni kosa la jinai ambalo adhabu yake ni kifo. Mikutano ikakoma.

Nimejaribu mara nyingi kuliangalia tukio hilo bila upendeleo. Njonjo alilinda katiba, na alikuwa sahihi kisheria. Lakini aliilinda kwa kuzuia watu wasiijadili. Wakenya waliambiwa kwamba hata kuuliza nini kitatokea Mzee akifa ni hatari.

Kenyatta alifariki Mombasa alfajiri ya 22 Agosti 1978. Siku hiyohiyo Moi aliapishwa kwa kifungu kilekile cha 1968. Kabla siku 90 hazijaisha alikuwa Rais kamili, tena bila kupingwa. Aliyekuwa mwenyekiti wa KADU, rais wa baraza la Bonde la Ufa, mtu aliyekwenda Lancaster kusema serikali kuu isipewe nguvu nyingi, alikabidhiwa serikali kuu yenye nguvu kuliko ile aliyoiogopa.

Aliongeza zake. Juni 1982 kifungu cha 2A kiliifanya Kenya nchi ya chama kimoja kisheria, baada ya Odinga na George Anyona kujaribu kuanzisha chama kipya. Mwaka 1986 Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu walipoteza ulinzi wa ajira zao, na 1988 majaji pia, hadi urudishwe mwaka 1990. Kila mara mlango ulikuwa ni ule wa asilimia 65 uliofunguliwa mwaka 1965, wakati Moi mwenyewe alikuwa waziri mezani.

Kifungu cha 2A kiliondolewa Desemba 1991, baada ya watu kupigwa katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, na kufungwa, baada ya wahubiri na mawakili kukataa kunyamaza, na baada ya wafadhili kufunga mikoba. Tarehe 29 Desemba 1992 Wakenya walijipanga foleni tangu alfajiri. Ilikuwa kura ya kwanza ya urais yenye wagombea zaidi ya mmoja tangu jamhuri izaliwe, miaka 28. Kwenye karatasi, pamoja na Kenneth Matiba na wengine wadogo, kulikuwa na majina matatu ya wanaume waliokuwa ndani ya Bunge siku ile ya Novemba 1964, mmoja wao Mwai Kibaki. Moi, aliyevuka sakafu kuja serikalini, alipata takriban asilimia 36 na kubaki Ikulu. Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuwa upande wa pili akiwapokea, alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 80. Alimaliza wa nne, akaingia bungeni tena kama kiongozi wa upinzani, na akafariki Januari 1994.